Kabla Hujanunua Pistoni za Foji

Mazungumzo na mafundi na wanafunzi wa ufundi magari, Arusha

Wakubwa zangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Na nyie vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango, hamjambo? Msiwe na wasiwasi, chai ni saa nne na mimi mwenyewe naitaka.

Nimekuja na kitu kimoja mfukoni. Nakipitisha, kila mtu akishike, ila kirudi. Ni metali ya konrodi, nusu ya juu, ya silinda namba 3: kile kibamba laini kinachokaa kati ya kranki na konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki. Imejikunja kama kigae cha kifuu. Pitisha ukucha juu yake. Pembeni utakuta ule utando wa kijivu bado upo, laini kabisa. Katikati umekwisha, rangi ya shaba imejitokeza, na kuna vishimo vidogo vidogo kana kwamba mtu ameipiga kwa ncha ya msumari. Ya namba 4 siwezi kuwaonesha. Niliikuta ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imekuwa unga unaometameta kwenye oili.

Injini hiyo niliifunga mimi kwa mikono hii.

Mteja alikuja na Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 ya turbo, akiwa na boksi mbili: moja pistoni za foji, yaani za kufuliwa badala ya kumiminwa, nyingine konrodi za foji. Alikuwa ametoa pesa ya bodaboda mpya, hapo bado gasketi, bado metali, bado mkono wangu. Nikafunga. Nikapandisha turbo hadi bari 1.2, nikarekebisha kontroli boksi, kompyuta ya injini, hapa hapa Arusha, tukajaribu barabara ya Usa River. Gari likaruka. Mteja akanikumbatia, nami nikajiona fundi. Wiki mbili baadaye akashuka Tanga kwenye harusi ya dada yake. Akarudi juu ya brekidauni.

Nilipofungua nilianza na pistoni, maana ndizo nilizokuwa na hofu nazo. Zote 4 nzima. Nikafurahi, tena kijinga. Kisha nikageuza injini nikafungua chini, nikakuta hicho mnachokipitisha.

Pistoni za kiwandani zingepasuka ukingo unaoshika ringi mapema, gari likaanza kutoa moshi na kukosa nguvu, mteja angeegesha njiani akanipigia simu. Hizi za foji zilikula kipigo bila kulalamika, zikakipitisha kwa jirani wa chini, yaani metali. Nilikuwa nimempa mgonjwa panadol, malaria nikaiacha palepale.

Sasa nisikieni vizuri. Pistoni ya foji haiongezi hata farasi mmoja. Toa ya kiwandani, weka ya foji yenye umbo lile lile, mgandamizo ule ule, turbo ile ile, na gari litakwenda vile vile. Pengine asubuhi litakuwa na kelele zaidi. Nguvu inatoka kwenye hewa na petroli unayochoma kwa wakati wake. Konrodi, pistoni, bolti na kranki kazi yao ni kustahimili moto huo. Kijana anayekuja gerejini akasema "fundi niwekee foji gari likimbie" amechanganya mlango na mlinzi wa mlango.

Na neno lenyewe lina mkosi. Mwanzoni nilikuwa na kibao nje kimeandikwa "Pistoni za foji zinapatikana hapa". Mama mmoja akasimama akaniuliza, "Baba, na vyeti vya kufoji unavyo?" Hakuwa mbali na ukweli, kwa sababu sokoni zimo foji za kufoji: pistoni ya kumimina, imekwanguliwa vizuri, ikaandikwa neno la Kiingereza. Igeuze uangalie tumboni. Ya kumimina mara nyingi ina kuta za ndani zenye umbo la kalibu, mifereji na pembe ambazo nyundo ya kufulia isingeweza kuziacha. Ya kufuliwa ina tumbo rahisi, halafu imechongwa na mashine karibu kila mahali. Dalili hiyo peke yake haitoshi kuhukumu, lakini inatosha kukufanya usitoe pesa siku hiyo.

Foji ni kazi ya mhunzi. Kipande cha aloi ya alumini kinapashwa moto bila kuyeyuka, kinabanwa kwa mashinikizo mpaka kinachukua umbo. Nyuzi za chuma zinafuata umbo hilo, haziachi vitundu vya hewa ndani. Ya kumimina inayeyushwa ikamwagwa. Pistoni nyingi za kumimina za magari ya nguvu zina silikoni nyingi, asilimia 16 hadi 18, nazo ni nzuri sana kwa kazi zilizokusudiwa: hazitanuki sana, zinakaa karibu na ukuta wa silinda, hazipigi kelele, zinadumu. Ubaya wake ni kwamba hazijui kupinda. Zikizidiwa, zinakatika kama sahani.

Katika foji nako kuna watu wawili. Aloi inayoitwa 4032 ina silikoni kama asilimia 12. Ya 2618 karibu haina silikoni kabisa. Hii ya pili ni ndugu wa karibu wa alumini iliyojenga bodi ya ndege ya Concorde, kwa sababu inabaki na nguvu ikiwa moto. Lakini inatanuka mno. Kwa hiyo lazima uiachie nafasi kubwa kwenye silinda, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwa injini ya turbo ya ukubwa huu, na asubuhi ikiwa baridi inagonga ukuta kak-kak-kak mpaka ipate moto. Mteja asiyeambiwa hili atakurudishia gari siku ya pili akidai umeharibu. Mwambie kabla. Na kwa gari la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, mimi huchagua 4032. Wengine hawakubaliani nami, sawa.

Nipeni chaki.

EJ20 ina kipenyo cha silinda cha milimita 92, na pistoni inasafiri milimita 75 toka chini hadi juu. Konrodi yake ina urefu wa milimita 130.5. Pistoni na pini na ringi zake tuseme ni nusu kilo, ili hesabu isituumize kichwa. Pistoni ikifika juu inasimama kabisa, halafu inavutwa kwenda chini. Anayeivuta ni konrodi. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, mvuto huo ni karibu tani 1. Nusu kilo imekuwa tani! Peleka injini hadi 8,000. Mizunguko imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini mvuto umefika tani 1.7, kwa sababu mzigo huu unapanda kwa mraba wa mizunguko. Na hapo sijahesabu uzito wa konrodi yenyewe.

Mvuto mkali kuliko wote unakuja mwisho wa kutoa moshi, pistoni ikiwa juu na valvu ziko wazi. Hakuna gesi inayoisukuma kurudi chini kusaidia. Kazi yote inabaki kwa bolti mbili za konrodi, zaidi ya mara 60 kwa kila sekunde.

Sasa geuza upande wa pili. Petroli inapowaka, gesi inakandamiza kichwa cha pistoni. Injini ya turbo iliyoongezwa inaweza kufika bari 100 ndani ya silinda. Kwa kipenyo cha milimita 92, hizo ni tani 6.8 zinazokalia konrodi kutoka juu. Kwa hiyo mwandike hili kwenye daftari: turbo hukunja konrodi, mizunguko hukata bolti. Mteja akikwambia anataka gari livute kutoka chini, kwenye mizunguko 3,000, na turbo iwe imejaa, mtazame konrodi zake. Akikwambia anataka kuchezea 8,000, mtazame bolti, na spiringi za valvu pia, maana valvu ikichelewa kufunga itakutana na pistoni njiani.

Bolti ya konrodi ni spiringi. Inashika kwa sababu umeivuta ikarefuka kidogo, kama milimita 0.15 kwa nyingi za aina hii, na ikitaka kurudi inabana. Toki renchi haipimi urefu huo. Inapima ugumu wa kuzungusha, na karibu sehemu 9 kwa 10 za nguvu yako zinaliwa na msuguano wa nyuzi na kichwa cha bolti. Paka oili ya kawaida mahali ambapo mtengenezaji ametaka grisi yake, na toki ile ile itakupa mbano tofauti kabisa. Ndiyo maana bolti za foji zinakuja na kipakiti cha grisi, ambacho nimeona vijana wakikitupa pamoja na karatasi za boksi. Kama una kipimo cha urefu, pima bolti kabla hujafunga, funga, pima tena. Andika namba ya kila bolti. Siku ukiifungua na kuikuta imebaki ndefu, itupe, usimhurumie mteja.

Kila kijana ananitajia 2JZ, injini ya Toyota Supra. Fundi, mbona Supra wanapandisha nguvu mara mbili bila kufungua chini? Ni kweli. Ile injini ina bloku ya chuma cha kumimina, silinda 6 mstari mmoja, kranki imeshikwa sehemu 7, na kipenyo na mwendo ni milimita 86 kwa 86. Tena iliuzwa Japani wakati ambao watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya nguvu za farasi 280, makubaliano yaliyodumu tangu 1989 hadi 2004. Wahandisi waliacha akiba kubwa ndani. Hiyo ni akiba ya injini hiyo. Ya kwako inaweza kuwa imeacha kidogo sana, na hakuna kitakachokwambia ila kujua sehemu yake dhaifu ni ipi kabla hujaongeza kitu.

Turudi Tanga.

Sisi tuna tabia ya kusema "injini imenoki" kwa kila kifo. Neno moja, magonjwa mawili. Kuna kugonga kwa metali iliyokwisha, nzito, ya chini, unaisikia miguuni. Na kuna ile ya juu, kavu, kama kokoto ndani ya kopo, gari likiwa limezidiwa mlimani. Gerejini kwangu ya pili tunaiita kokoto, ili tusichanganye. Kokoto inatokea hivi: plagi imewasha moto, moto unasambaa kwa utulivu, lakini mchanganyiko uliobaki pembeni unabanwa na kupata joto hadi unalipuka wenyewe wote kwa pamoja. Mshindo unapiga kuta, unakwangua ule utando mwembamba wa gesi unaoikinga alumini na joto, na kila mshindo ni nyundo inayoshuka kupitia pini, konrodi, hadi nusu ya juu ya metali. Hiyo mnayoipitisha. Vishimo vile ni nyundo hizo. Kokoto ilimzaa mwenzake.

Kwa nini Tanga na si hapa? Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ina shinikizo la bari 0.86 hivi. Turbo niliyoifunga ilikuwa ya kizamani, inapima bari 1.2 juu ya hewa ya nje. Jumlisha: hapa silinda inapewa bari 2.06. Pwani hewa ya nje ni bari 1 na kidogo, jumla inafika 2.21. Bila mtu kugusa kitu, mteja wangu aliongezewa karibu asilimia 7 ya shinikizo, kwa kushuka mlima tu. Ongeza joto la Tanga, kipoza hewa chenye vumbi, gari limejaa watu na masufuria ya harusi. Ongeza tena kwamba injini hizi zilipangwa kwa petroli ya juu ya Japani, inayouzwa kwa oktani karibu 100, na ya vituo vyetu haifiki huko. Mimi nilikuwa nimerekebisha taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, hadi ukingoni kabisa kwa hewa ya Arusha, nikajisifu. Tangu hapo gari la kushuka pwani nalirudishia taimingi nyuzi mbili au tatu, hata kama mteja ananung'unika kwamba limepoteza utamu.

Jambo la pili nililolikosea siku ile halikuua injini, lakini lingeua baadaye. Ringi. Boksi liliandikwa kwamba ringi ziko tayari kwa kufungwa. Nikaamini karatasi. Ringi ina mwanya, na ikipata joto inatanuka, mwanya unapungua. Ukifunga kabisa, ncha zinasukumana, ringi haina pa kwenda, inabana ukuta na kung'oa ukingo wa pistoni. Kadiri unavyochoma petroli zaidi ndivyo ringi inavyohitaji mwanya mkubwa zaidi. Kwa turbo ya barabarani mimi huanza na kipenyo mara 0.005: milimita 92 inakupa 0.46. Lakini fuata karatasi ya pistoni yako kama inasema vingine, ila ipime, usiisome tu. Weka ringi kwenye silinda itakayokaa, isukume kwa kichwa cha pistoni ili isilale upande, ingiza fila gegi, vile vibamba vya kupimia mwanya. Kama inabana, piga tupa kidogo, kutoka nje kuelekea ndani ili usibandue utando wa usoni, kisha pima tena. Ringi 4 za juu zinaweza kukuchukua asubuhi nzima. Ndiyo kazi yenyewe.

Metali nazo hivyo hivyo. Shingo ya kranki ya EJ20 upande wa konrodi ina milimita 52. Kanuni ya mafundi wa zamani ni sehemu moja kwa elfu, kwa hiyo nafasi ya oili iwe kama milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele wako. Chembe moja ya mchanga iliyobaki kwenye njia ya oili baada ya kusaga silinda ni jiwe katika nafasi hiyo. Toa vizibo vyote vya njia za oili. Osha bloku kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ndefu, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha, paka oili hapo hapo kabla ya kutu. Nimekwambia foji ni kufua. Basi na hapa ni kufua, kwa maana ya kina mama. Wengi wanaikimbia kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, Joginder Singh wa Kenya. Alishinda mbio za magari za Safari Rally mara tatu. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi. Gari la Safari halikushinda kwa kuwa na farasi wengi kuliko yote. Lilishinda kwa kufika. Hata mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda kwa Subaru Impreza, kanuni ziliilazimisha hewa yote ya turbo ipite kwenye tundu la milimita 34. Ukizibwa hivyo, kwenye mizunguko ya juu huna cha kutafuta, kwa hiyo wahandisi walitafuta mvuto kwenye mizunguko ya katikati. Vyuma vya ndani vilifanywa vigumu ili vistahimili joto, vumbi na siku tatu za kupigwa, si ili viongeze kitu.

Mkinipa leo gari la yule mteja na pesa zile zile, ningetumia vipi? Ningeanza kwa rejeta na kipoza hewa. Kisha kipimo cha shinikizo la oili na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosti, mahali ambapo dereva anaviona. Ningempimia pampu ya petroli na noseli kama zinatosha, maana mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo kuliko hewa inavyohitaji, huleta kokoto haraka kuliko chochote. Ningerekebisha moto kwa hewa ya Tanga. Turbo ningeiacha bari 1. Pesa ikibaki, ndipo pistoni. Isipobaki, gari lingekwenda harusini na kurudi kwa miguu yake. Bosi mmoja aliniambia ushauri huu unafukuza wateja. Unafukuza, ni kweli. Nimepoteza kama watatu mwaka jana, mmoja akaenda kufungiwa foji mtaa wa pili na bado anakimbia vizuri tu, akipita anapiga honi. Namsalimia.

Yule wa harusi nilimfungia upya bila kumtoza mkono, tukagawana gharama ya kranki. Bado ni mteja wangu. Ila dada yake hajanisamehe, kwa sababu keki ya harusi ndiyo iliyokuwa kwenye lile gari.

Haya, metali yangu imefika wapi? Isipotee. Mezani kuna bloku kuukuu ya EJ20, ringi 8 mpya na fila gegi mbili. Kati ya hizo ringi nimechanganya 2 zisizo za silinda hii. Mje wawili wawili, mmoja apime, mwingine aandike, msionyeshane majibu. Wa mlangoni waanze.